Kuiandaa Meli kwa Ukaguzi wa Bandarini: Mwongozo kwa Maofisa na Mabaharia

Mwongozo huu umeandikwa kwa maofisa wa meli, mabaharia na mawakala wanaohudumia meli za safari za kimataifa zinazoingia Mombasa, Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na bandari nyingine za Bahari ya Hindi. Unaeleza namna ya kuiandaa meli kwa ukaguzi unaofanywa na serikali ya nchi yenye bandari, ambao kazi yake ni kuhakikisha kwamba meli ya kigeni iliyofunga gatini ni salama kwa watu waliomo, kwa shehena na kwa bahari yenyewe. Nimefanya kazi ya sitaha kwa miaka mingi, na katika meli zote nilizoziona zikizuiwa, sikumbuki hata moja iliyozuiwa kwa kasoro ambayo hakuna mtu ndani yake aliyeijua. Kila mara alikuwapo baharia aliyejua kwa wiki kadhaa kwamba pampu fulani haivuti au mlango fulani haufungi. Kwa sababu hiyo maandalizi yanayoelezwa hapa huanza baharini, siku saba au zaidi kabla ya kuona nchi kavu, na msingi wake ni kumwezesha kila anayejua kasoro aiseme mapema.

Mkaguzi na mamlaka yake

Mwenye wajibu wa kwanza juu ya usalama wa meli ni nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Hivyo ndivyo kinavyosema kifungu cha 94 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Nchi nyingi hukabidhi sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa vyama vya uainishaji wa meli, ambavyo hutuma wapimaji wao kukagua ganda, mitambo na vifaa na kisha kutoa vyeti kwa niaba ya nchi ya bendera. Utaratibu huo ni mzuri pale nchi ya bendera inapofuatilia kazi yake. Zipo hata hivyo nchi zilizowahi kusajili meli nyingi kuliko uwezo wao wa kuzisimamia, na madhara yake huwafikia watu wa pwani ambao hawakuwa na neno lolote katika usajili huo.

Mwezi Machi 1978 meli ya mafuta Amoco Cadiz, iliyokuwa na bendera ya Liberia, iliharibikiwa na mtambo wa usukani karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa, ikapanda mwamba na kumwaga zaidi ya tani 220,000 za mafuta ghafi. Hasira iliyotokana na msiba huo ilizisukuma nchi za Ulaya kutia saini Makubaliano ya Paris mwezi Januari 1982, na yakaanza kutumika Julai mwaka huohuo. Nchi hizo zilikubaliana kukagua meli za kigeni kwa kipimo kimoja na kupeana taarifa, ili meli mbovu isikimbie bandari moja na kupata hifadhi katika bandari ya jirani. Makubaliano ya Tokyo yalifuata 1993. Ya Bahari ya Hindi yalitiwa saini Pretoria mwezi Juni 1998 na kuanza kutumika Aprili 1999, na sekretarieti yake iko Goa, India. Kenya na Tanzania ni wanachama, pamoja na Oman, Afrika Kusini, Shelisheli, Mauritius na wengine.

Kwa hiyo mkaguzi anayepanda ngazi mjini Mombasa ni mtumishi wa KMA, mamlaka ya masuala ya bahari ya Kenya. Upande wa Tanzania Bara anatoka TASAC, shirika la uwakala wa meli, na Zanzibar anatoka Mamlaka ya Usafiri Baharini. Vipimo anavyotumia ni vya mikataba ya Shirika la Bahari Duniani, IMO, na ya Shirika la Kazi Duniani: SOLAS ya 1974 juu ya usalama wa maisha baharini, MARPOL juu ya uchafuzi, mkataba wa 1966 wa mistari ya mzigo, yaani alama zinazoonyesha meli ipakiwe mpaka wapi, STCW ya 1978 juu ya mafunzo na zamu za mabaharia, na Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa 2006. Hata meli ambayo nchi yake ya bendera haikuridhia mkataba fulani hupimwa kwa mkataba huo, ili isipate nafuu kuliko zile zinazoutii.

Jambo moja linahitaji kuelezwa kwa sababu huwachanganya wengi kwetu. Ukaguzi huu unahusu meli za kigeni zilizo katika safari za kimataifa. Kivuko kinachotoka Unguja kwenda Pemba, kama kilivyokuwa Spice Islander I kilichozama Septemba 2011 na kuwaua mamia ya watu, husimamiwa na sheria za nchi yenyewe. Hata hivyo mengi yaliyomo katika hatua zinazofuata yanafaa kufanywa ndani ya kivuko pia, na ningefurahi sana kama yangefanywa.

Hatua ya kwanza: jua meli yako inavyoonekana kabla haijafika

Mkaguzi hachagui meli kwa kubahatisha. Katika mifumo ya Paris na Tokyo kila meli hupewa kiwango cha hatari kulingana na aina yake, umri wake, bendera yake, chama chake cha uainishaji, kampuni inayoiendesha, na kasoro ilizokutwa nazo katika miezi 36 iliyopita. Chini ya Paris, meli ya hatari kubwa hukaguliwa kila baada ya miezi mitano hadi sita, ya kawaida miezi 10 hadi 12, na ya hatari ndogo inaweza kukaa miezi 24 hadi 36. Rekodi hizo si siri. Tovuti ya Equasis, iliyoanza 2000, humruhusu mtu yeyote aliyejisajili kuona bila malipo ukaguzi uliopita wa meli na kasoro zilizoandikwa.

Fungua rekodi ya meli yako na usome kila mstari. Ukiona kwamba miezi minane iliyopita iliandikwa kasoro ya taa za mashua ya kuokolea, fahamu kwamba mkaguzi atakayekuja ameusoma mstari huo huo na ataanzia hapo. Bendera nayo ina uzito wake. Bendera ya Tanzania ilikaa kwa miaka katika orodha nyeusi ya Paris, na Januari 2018 serikali ilisimamisha usajili wa meli za kigeni baada ya baadhi ya meli zenye bendera hiyo kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Nahodha anayeendesha meli safi chini ya bendera yenye rekodi ya namna hiyo hana budi kukubali kwamba atakaguliwa mara nyingi zaidi, na ajiandae hivyo bila kinyongo.

Angalia pia kama kuna kampeni maalumu ya ukaguzi. Kwa kawaida kampeni hizo hufanyika kuanzia Septemba 1 hadi Novemba 30, na maswali yake hutangazwa mapema. Mwaka 2024 kampeni ya Paris na Tokyo ilihusu mishahara na mikataba ya ajira ya mabaharia. Mwaka 2025 ilihusu maji ya uzani yanayobebwa matangini. Chapisha maswali hayo na uyajibu mwenyewe, ukiwa umesimama mbele ya kifaa kinachoulizwa.

Hatua ya pili: vyeti

Vyeti ndivyo vinavyokaguliwa kwanza. Panga faili moja yenye vyeti halisi kwa mpangilio usiobadilika: usajili na upimaji wa tani, mstari wa mzigo, usalama wa muundo, usalama wa vifaa, redio, kuzuia uchafuzi wa mafuta, usimamizi wa usalama wa meli pamoja na nakala ya hati ya kampuni, ulinzi wa meli, idadi ya chini ya mabaharia, na cheti cha kazi za ubaharia pamoja na hati za dhamana ya fedha kwa ajili ya kuwarudisha mabaharia makwao. Vyeti vingi kati ya hivi hudumu miaka mitano, lakini vingi vyake pia huhitaji kugongwa muhuri wa ukaguzi wa kila mwaka ndani ya miezi mitatu kabla au baada ya tarehe ya kumbukumbu. Kosa la kawaida si cheti kuisha muda. Ni muhuri wa mwaka kusahauliwa, na cheti chenye miaka miwili mbele kikawa hakina nguvu.

Linganisha jina la meli, bandari ya usajili, tani na namba ya IMO katika kila cheti, herufi kwa herufi. Namba ya IMO ina tarakimu saba na haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina, bendera au mmiliki. Unaweza kuithibitisha kwa karatasi na kalamu. Chukua 9074729: zidisha tarakimu sita za kwanza, moja baada ya nyingine, kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2. Utapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, ambazo jumla yake ni 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo, yaani 9, lazima iwe sawa na tarakimu ya saba ya namba ya meli. Kisha nenda ukaangalie namba iliyochomelewa kwenye ganda nje na ile ya ndani, uhakikishe kwamba rangi haijaifunika.

Kwa mabaharia, weka cheti cha kila mmoja pamoja na idhini ya nchi ya bendera. Ofisa aliyehitimu Dar es Salaam au Mombasa na kupewa cheti na serikali ya nchi yake bado anahitaji idhini ya nchi ya bendera kama meli ni ya Panama au Liberia, na risiti ya maombi ina muda wake maalumu wa kukubalika.

Hatua ya tatu: tembea kwa njia atakayopita mkaguzi

Shuka gatini, geuka, uitazame meli kama mgeni. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote lingine kuhusu sitaha, kwa kuwa mtu aliyeishi ndani ya meli miezi minane amekwisha kuacha kuyaona mengi.

Anza na alama za mzigo. Duara lina kipenyo cha milimita 300, na mstari unaolikata una urefu wa milimita 450. Pembeni yake ni mistari ya majira na ya maji baridi. Alama hizo huitwa kwa jina la Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepigana bungeni katika miaka ya 1870 dhidi ya wenye meli waliokuwa wakizijaza kupita kiasi na kuwapeleka mabaharia kufa. Ziwe zimepakwa rangi inayoonekana, na maji yasiwe yamevuka mstari unaostahili.

Panda ngazi. Je, ina wavu chini yake, boya lenye kamba na taa pembeni, na mlinzi anayeuliza kitambulisho na kuandika jina? Mlinzi akimpitisha mkaguzi bila kumuuliza kitu, meli imekwisha kupata kasoro yake ya kwanza ya ulinzi kabla hata nahodha hajajulishwa. Ngazi ya rubani, yaani mwongoza meli anayeiingiza bandarini, iangaliwe pia: kamba zisizochakaa, vipandio visivyopasuka, na urefu wa kupanda usiozidi mita tisa bila kuunganishwa na ngazi ya pembeni.

Ukiwa sitahani, fungua na ufunge kila mlango unaopaswa kuzuia maji. Pitisha kidole kwenye mpira wa mlango. Ukikuta rangi juu ya mpira, ujue kwamba mtu alipaka rangi bila kufikiri na mlango huo hauzibi tena. Angalia vichwa vya mabomba ya hewa, vifuniko vya ngama, yaani vyumba vya shehena, na boriti zake, na kutu kwenye ukingo wa sitaha.

Kisha simama mbele ya chelezo la kuokolea watu, lile linalojaa hewa. Tarehe ya huduma isizidi miezi 12. Kifaa cha kulifungua kwa shinikizo la maji, ambacho kinapaswa kuliachia chelezo kabla halijafika kina cha mita nne, mara nyingi huwa na muda wa miaka miwili uliotobolewa juu yake kwa mwezi na mwaka. Hata hivyo kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kamba. Kamba ndefu ya chelezo inatakiwa kufungwa kwenye kiungo dhaifu, na kiungo hicho ndicho kifungwe melini. Meli inapozama, kamba huvutwa, chelezo hujaa hewa, na kiungo hukatika na kuliacha lielee. Baharia mwenye nia njema huona kiungo hicho chembamba, akakitilia shaka, akaifunga kamba moja kwa moja kwenye chuma cha sitaha kwa fundo imara. Chelezo lililofungwa hivyo litazama na meli. Mwite kila baharia, mwonyeshe kwa mkono, na umtake akueleze mwenyewe mpangilio ule.

Hatua ya nne: moto na mitambo ya dharura

Hapa ndipo meli nyingi huzuiwa. Niliwahi kuwa ofisa wa pili katika meli ya shehena mchanganyiko ambayo mkaguzi wake, baada ya kuangalia vyeti kwa dakika 20 bila kuona kosa, aliomba kuiona pampu ya dharura ya zimamoto. Injini ya pampu iliwaka kwa mshiko wa kwanza. Mipira miwili ilikuwa imetandazwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, mabaharia wameshika midomo yake, na tukasubiri. Maji hayakuja. Baada ya dakika tano yalitoka matone ya kahawia, kisha hewa. Kitabu cha matengenezo kilionyesha kwamba pampu ile ilijaribiwa kila Jumamosi kwa miezi mitatu, na kila Jumamosi kuna sahihi. Ni kweli iliwashwa kila Jumamosi, ila hakuna aliyefungua maji. Jioni ile fundi mdogo wa chumba cha injini aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba alijua bomba la kuvutia linaingiza hewa kwenye kiungio, alilisema mara moja, akajibiwa kwamba aendelee na kazi yake. Meli ilikaa siku mbili.

Kwa hiyo ijaribu pampu ya dharura kwa mipira miwili iliyo mbali kabisa, pampu kuu zikiwa zimezimwa, mpaka mikondo miwili ya maji itoke kwa nguvu na kudumu. Mtake baharia ambaye si wa kawaida katika kazi hiyo aiwashe kwa kufuata maandishi yaliyobandikwa ukutani. Akishindwa, maandishi ndiyo yenye kasoro.

Vilango vya kufungia hewa kwenye mabomba ya chumba cha injini vifungwe na kufunguliwa kwa mkono hadi mwisho. Ingia ndani ya bomba na tochi ukiweza, kwa sababu mkono wa nje unaweza kuonyesha kwamba kilango kimefunga huku bamba la ndani limeliwa na kutu na kubaki mhimili mtupu. Milango ya moto ijifunge yenyewe na kushika kitasa bila kusukumwa. Ukikuta mlango umezuiwa kwa kamba au kipande cha ubao jikoni, usimfokee mpishi kabla ya kumuuliza sababu. Pengine feni imekufa na jiko halina hewa, na hapo umepata kasoro mbili za kutengeneza.

Jenereta ya dharura iwake yenyewe na kutoa umeme ndani ya sekunde 45, na iwe na njia ya pili ya kuiwasha iwapo betri zitakufa. Mhandisi mkuu aizime swichi kuu bandarini wakati hakuna kazi ya shehena, kwa idhini ya nahodha, na apime kwa saa. Valvu za kufunga mafuta kwa haraka zivutwe kutoka nje ya chumba cha injini, moja baada ya nyingine, mtu akiwa amesimama ndani kuthibitisha kwamba kila moja imedondoka. Mtambo wa usukani ugeuzwe kutoka nyuzi 35 upande mmoja hadi nyuzi 30 upande wa pili. Kipimo cha SOLAS ni sekunde 28 meli ikiwa katika mwendo kamili. Jaribu pia kuuendesha kutoka chumba chenyewe cha usukani kwa amri zinazopitia simu, na uone kama aliyeko chini anazisikia amri hizo huku mashine zikinguruma. Msomaji anayekumbuka kilichoiangusha Amoco Cadiz hatahitaji kushawishiwa juu ya hili.

Mashua za kuokolea zishushwe majini na kuendeshwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na injini zake ziwake zikiwa baridi. Kabla ya kuishusha, hakikisha kwamba kila anayeingia anaelewa namna kulabu zinavyofunguliwa na kurudishwa, kwa kuwa mabaharia wengi wamekufa mazoezini kwa kulabu zilizofunguka kabla ya wakati. Waya za kushushia zisipite miaka mitano.

Hatua ya tano: chumba cha injini na mafuta

Mkaguzi hutafuta usafi wa kweli, ambao ni tofauti na rangi mpya. Mafuta chini ya mashine ni hatari ya moto, na rangi iliyopakwa jana juu ya bomba linalovuja humfanya aangalie kwa makini zaidi. Kichujio cha maji yenye mafuta kiwe kinafanya kazi na king'ora chake kifunge njia ya baharini pale mafuta yanapozidi sehemu 15 kwa milioni. Kusiwe na bomba lolote la kupitia pembeni, wala flanji, yaani kiungio cha bomba, yenye alama za spana zisizo na maelezo.

Daftari la mafuta lijazwe na ofisa aliyefanya kazi hiyo, kila ingizo likiwa na sahihi yake na kila ukurasa sahihi ya nahodha, na lihifadhiwe miaka mitatu baada ya ingizo la mwisho. Pima matangi ya mafuta machafu asubuhi ya kufika na ulinganishe na daftari. Kwa upande wa moshi, kiwango cha salfa katika mafuta ni asilimia 0.50 tangu Januari 1, 2020, isipokuwa kwa meli zenye mtambo wa kusafisha moshi. Risiti ya mafuta na sampuli yake iliyofungwa kwa lakiri ziwe karibu.

Hatua ya sita: watu

Baharia anastahili mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika siku saba. Mapumziko ya siku yasigawanywe zaidi ya mara mbili, na kipande kimoja kiwe saa sita au zaidi. Maofisa wengi hujaza jedwali la mapumziko mwisho wa mwezi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mkaguzi hufungua daftari la safari pembeni yake. Likisema rubani alipanda saa tisa usiku na meli ikafunga saa kumi na moja alfajiri, huku jedwali likionyesha kwamba serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, na watu wake walilala kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, uongo huo hauhitaji shahidi mwingine. Andika saa za kweli. Zikivuka kiwango, andika sababu na mapumziko ya fidia yaliyotolewa, kisha uieleze kampuni kwamba watu hawatoshi. Uchovu umezipandisha meli nyingi mwambani, na jedwali la uongo humnyima nahodha ushahidi wa kuombea watu zaidi.

Kila baharia awe na nakala ya mkataba wake, alipwe angalau kila mwezi, na apewe hati ya hesabu ya mshahara. Angalia chakula, maji, vyoo, hewa vyumbani na sanduku la dawa. Baharia yeyote ana haki ya kupeleka malalamiko kwa mkaguzi, na jina lake haliruhusiwi kutajwa kwa nahodha wala mwenye meli. Mabaharia wetu wa Lamu, Tanga na Unguja wanaopata kazi katika meli za mbali wanapaswa kulijua hilo kabla ya kutia saini mkataba.

Mazoezi ya moto na ya kuhama meli yafanyike kila mwezi, na yafanyike ndani ya saa 24 za kuondoka bandarini iwapo zaidi ya robo ya mabaharia hawakushiriki mwezi uliotangulia. Mazoezi ya kuingia katika nafasi zilizofungwa hufanyika kila miezi miwili. Hapa meli hutofautiana sana, kwa sababu mkaguzi humwomba nahodha afanye zoezi mbele yake. Nimesikia mkaguzi mzee akimwambia mpishi, kwa upole, "Kijana, tuseme jiko lako limeshika moto sasa hivi. Nionyeshe." Mpishi alijibu, "Sawa, mkuu," akazima umeme wa jiko, akachukua blanketi la moto, akapiga king'ora, akafunga mlango, akaenda kusimama kwenye kituo chake. Hakusema neno la Kiingereza hata moja, na mkaguzi hakuuliza swali la pili.

Siku tatu kabla ya kufika, wakusanye watu wote mbele ya ubao, kisha wape nafasi ya kutaja kitu chochote kibovu wanachokijua, kuanzia aliye mdogo kabisa. Nahodha aseme mbele yao kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kutaja. Andika yote. Yanayoweza kutengenezwa yatengenezwe; yasiyowezekana yaripotiwe kwa kampuni, kwa chama cha uainishaji na kwa nchi ya bendera kabla ya kufika, na mamlaka ya bandari ijulishwe kupitia wakala. Kasoro iliyotangazwa mapema pamoja na mpango wa matengenezo hupokelewa tofauti kabisa na ile iliyogunduliwa imefichwa.

Hatua ya saba: siku ya ukaguzi

Nahodha ampokee mkaguzi mwenyewe, na kila mmoja aliyepewa kazi ya kumsindikiza ajue eneo lake. Jibu ulichoulizwa. Usipojua, sema kwamba utamwita anayejua. Usiweke katoni za sigara mezani wala bahasha ndani ya faili. Mwongozo wa IMO una kanuni za maadili kwa wakaguzi, na zawadi humwaibisha aliye mwaminifu na kumfungulia mlango asiye mwaminifu. Mkaguzi akidai chochote, nahodha aandike saa na jina, kisha aijulishe kampuni na mamlaka husika.

Ukaguzi wa kwanza ni wa vyeti na hali ya jumla. Ukiona unaingia ndani zaidi, ni kwa sababu mkaguzi ameona sababu za wazi za kuitilia shaka meli, au kiwango cha hatari cha meli kinataka hivyo. Kasoro ndogo inayoweza kurekebishwa papo hapo irekebishwe wakati bado yuko melini, na umwonyeshe.

Hatua ya nane: ripoti

Mwishoni nahodha hupewa fomu mbili, ya kwanza ikiwa na maelezo ya meli na vyeti, na ya pili ikiwa na kasoro na namba za hatua. Namba 10 ina maana kwamba kasoro imekwisha rekebishwa, 15 irekebishwe bandari inayofuata, 16 ndani ya siku 14, 17 kabla ya kuondoka, na 30 kwamba meli imezuiwa. Soma kila mstari kabla mkaguzi hajashuka na uombe ufafanuzi wa usichokielewa.

Meli ikizuiwa, nchi ya bendera na chama cha uainishaji hujulishwa, na haiondoki mpaka mkaguzi arudi na kuridhika. Kampuni ina haki ya kukata rufaa kwa utaratibu na muda wa nchi hiyo, lakini rufaa yenyewe haiifungui meli, hivyo matengenezo yaanze mara moja. Kwa upande wake mamlaka ya bandari ina wajibu wa kutoichelewesha meli bila sababu, na SOLAS inatambua fidia pale ucheleweshaji usio wa haki unapothibitishwa.

Fomu zote mbili zihifadhiwe melini miaka miwili. Nyuma ya kila kasoro bandika picha ya kabla na ya baada, tarehe, jina la kipuri kilichobadilishwa na sahihi ya aliyefanya kazi hiyo, iwe ni ya mhandisi au ya yule fundi mdogo aliyeitaja kwanza. Ofisa anayepokea zamu mpya akabidhiwe faili hiyo mkononi, kwa sababu katika bandari ijayo ndiyo karatasi ya kwanza atakayoombwa.